Kopo la Vastad

Usigeuze uso. Ndiyo, wewe. Ulimwona Sangram Khade alivyotanuka mabega kati ya msimu mmoja wa miwa na mwingine, ukapiga makofi. Uliziona chunusi zilivyomjaa mgongoni kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya moto, ukasema ni damu ya ujana. Ulikuwepo pale kwenye kibanda cha chai alipomkaba mwenzake koo kwa ajili ya kiti, yeye ambaye tangu utotoni hakujua kutukana hata mbwa, nawe ukacheka, ukasema mwanamieleka lazima awe na moto. Na siku macho yake yalipogeuka manjano uliinama kuchagua biringanya sokoni kana kwamba zimekuita kwa jina. Basi leo hutainama. Keti usikilize habari ya baba yake. Yeye naye hakuona, na amelipa zaidi yako.

Baba yake ni Dattoba, mkulima wa miwa wa hapa hapa kwetu Kolhapur. Sikio lake la kushoto limejikunja likawa kama uyoga mkavu. Ukimuuliza nani alilivunja, anatabasamu mpaka leo, ingawa sasa tabasamu lina shubiri ndani. Lilivunjwa na Bhairu Mane, enzi wote wawili walipokuwa vijana wa talim moja, nyumba ya kufundishia mieleka, wakifukua udongo mwekundu alfajiri, wakiuchanganya na samli na mtindi na ndimu, kisha wakibingirishana humo mpaka hujui huyu ni nani na yule ni nani. Walitwanga lozi kwenye kinu kimoja. Walikunywa maziwa kwa kikombe kimoja. Dattoba akaoa, akarudi shambani. Bhairu akabaki, akarithi talim, akawa vastad, mwalimu mkuu, mtu ambaye vijana humgusa miguu kabla ya kumsalimu.

Kwa hiyo Sangram alipoanza kuota ndevu, Dattoba hakuhangaika kutafuta mwalimu. Alimshika mkono mwanawe, akachukua nazi, akampeleka mbele ya sanamu ya Hanuman, mungu wa wanamieleka, pale talim, akasema maneno ambayo baba yake naye aliyasema siku yake: "Bhairu, nyama yake ni yako, mifupa ndiyo yangu." Maana yake mfinyange utakavyo, mchape ukitaka, mlishe upendavyo, ila usimvunje. Bhairu akavunja nazi, akamlisha kijana kipande kwa mkono wake mwenyewe. Hapo mkataba ukafungwa. Kwetu mkataba wa namna hiyo hauhitaji shahidi mwingine.

Na kuna jambo lazima ulielewe, la sivyo hutaelewa kosa lao. Kwenye talim, kinachotoka mkononi mwa vastad hakiulizwi. Lozi, maziwa, samli, supu nyekundu ya mbuzi, vyote hivyo ni khurak, lishe ya mwanamieleka, na anayeigawa ni vastad. Kuuliza "hiki ni nini?" ni sawa na kumuuliza mama kama ametia sumu. Kwa hiyo siku makopo meusi yenye picha ya simba yalipoanza kuingia, pamoja na mkeka mpya wa mpira, wenye simba yule yule katikati, waliouleta wenye makopo bila kudai chochote, hakuna aliyefungua mdomo. Shimo la udongo likafunikwa kwa mabati. Bhairu akashika kijiko, akampimia kila kijana unga kwenye maziwa yake baada ya mazoezi. Vijana wakainama, wakapokea kwa mikono miwili. Khurak ni khurak.

Sangram alishinda pambano lake kwenye maonyesho ya Nandgiri, akaliangusha jitu la kutoka bondeni kabla watu hawajamaliza karanga zao. Wakamfunga kilemba cha rangi ya zafarani. Dattoba alilia hadharani. Bhairu alimkumbatia akamwambia, "Ndugu yangu, mwanao ni mwanangu." Kumbuka neno hilo.

Ugonjwa ulianza na kuwashwa. Kijana alijikuna mpaka ngozi ikatoka damu. Mkojo ukawa na rangi ya chai kavu. Chakula kikamkataa. Walipomfikisha hospitali kubwa ya mjini, macho yake yalikuwa manjano na miguu imevimba, na Daktari Shamim Mujawar, mama mwembamba mwenye sauti ya kukata, akamuuliza swali ambalo madaktari wote huuliza.

"Unatumia dawa yoyote?"

"Dawa?" Sangram akacheka kwa taabu. "Mimi? Vastad angeninyonga."

"Mama, hajameza vidonge? Hajachomwa sindano? Dawa za mitishamba?"

"Mama daktari," akasema Akkatai, mama yake, akivuta pindo la sari kichwani, "mtoto huyu hata panadoli hali. Ni maziwa na lozi tu tangu nimzae."

"Baba?"

"Hakuna," Dattoba akasema, na alikuwa anasema kweli yote aliyokuwa nayo.

Daktari akaandika hakuna. Akatafuta homa ya ini ya maji machafu, hakuiona. Akatafuta kijiwe cha nyongo, hakukiona. Na kila asubuhi, nesi akishatoka, Akkatai alichomoa kopo jeusi kutoka kwenye kikapu chini ya kitanda, akakoroga vijiko viwili kwenye maziwa, akamnywesha mwanawe. Mgonjwa anahitaji nguvu. Hiyo si dawa, ni chakula. Chakula cha mwalimu. Mama gani atamnyima mwanawe chakula?

Basi ndipo Bhairu alipokuja kumwona mgonjwa.

Alikuja na madafu na kicheko chake kikubwa, wodi nzima ikageuka. "We Sangram! Simba gani analala mchana kwenye shuka zenye maua?"

"Vastad..." Kijana akajaribu kuinuka amguse miguu.

"Lala, lala. Utanigusa siku ukiniletea rungu la ushindi." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Wamekulisha nini humu, maji ya mchele? Ndiyo maana umekuwa kama mwiko."

Akkatai akacheka, mara ya kwanza tangu waingie humo. "Shemeji, hata mkate wa bhakri umemshinda kabisa. Lakini chakula chako sijakiacha hata siku moja. Tazama." Akainua glasi iliyokuwa tayari, maziwa mazito ya rangi ya kakao, akamwekea mwanawe mdomoni.

Dattoba alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Aliuona uso wa Bhairu wakati ule, akadhani ni huzuni. Macho ya Bhairu yaliifuata glasi kutoka mezani mpaka mdomoni. Yalilifuata koo la kijana likipanda na kushuka. Sangram alikunywa akimtazama mwalimu wake, kama mtoto anayetaka kusifiwa kwa kumaliza uji, mpaka tone la mwisho.

Bhairu akarekebisha kilemba chake. "Mtunze, shemeji," akasema. Akamgusa kijana kichwani. Akaondoka.

Baada ya hapo figo nazo zikaanza kulegea. Ni Daktari Shamim aliyelikuta kopo, asubuhi alipopita mapema kuliko kawaida yake, akamfuma Akkatai na kijiko mkononi.

"Mama, hicho nini?"

"Chakula chake."

"Nani kakuuzia?"

"Hatukununua, mama daktari. Ametupa vastad wake."

Daktari akalichukua kopo, akalizungusha. Kulikuwa na simba, na umeme unaomtoka simba kinywani, na maneno makubwa ya kuahidi. Hapakuwa na anwani ya kiwanda. Akafumba macho kidogo, kisha akazungumza polepole, na hakuwagombeza, jambo ambalo Dattoba anasema lilimuuma kuliko kugombezwa.

"Unga wa protini wa kweli ni kama maziwa yaliyokaushwa. Una faida yake kwa anayehitaji, na hauyageuzi macho ya mtu mzima wa afya kuwa manjano. Humu nadhani wamesagia vidonge vya homoni, vile vya kujaza misuli upesi. Vinaifungia nyongo ndani ya ini. Huyu si kijana wa kwanza wa mieleka kulala wodi hii." Akamgeukia Sangram. "Lakini figo zako zinanitia wasiwasi zaidi. Kabla ya kupimwa uzito mlikuwa mnapewa kitu cha kukausha maji mwilini? Vidonge? Sindano?"

Sangram akageukia ukuta.

"Mwanangu," Dattoba akasema, "mjibu daktari."

"Siwezi kumsema vastad."

"Nani kakwambia umseme? Sema ulichomeza!"

"Ni hicho hicho, Baba." Akavuta shuka kichwani.

Daktari akamvuta Dattoba ukumbini. "Nitalipeleka kopo maabara, lakini majibu hayaji leo wala kesho. Nisipojua alichomeza, kila dawa nitakayompa ni kamari. Nikikosea, figo hizi hazirudi. Kuna mtu anayejua. Nenda ukamuulize leo."

Ndani ya basi Dattoba alikuwa bado anamtetea rafiki yake. Amini hivyo. Aliwaza: Bhairu naye kadanganywa na wenye makopo. Nitamwambia, atalia, atakuja mbio. Kisha akaikumbuka glasi. Akayakumbuka yale macho yaliyoifuata. Jasho likamtoka, akashika kiti cha mbele, na mama aliyekuwa kando yake akamuuliza kama anataka dirisha lifunguliwe.

Talim ilikuwa imejaa, vijana wako mkekani, wengine wanapanda kamba. Balu, kijana mnene mwenye utani, ndiye aliyemwona kwanza.

"Baba Khade! Karibu! Simba wetu anarudi lini? Mwambie mkeka unamlilia, na mimi nimechoka kuangushwa na hawa mbuzi."

"Mbuzi mama yako," akajibu mmoja, wakacheka.

Mwingine, aliyekuwa akijifuta jasho pembeni, akanong'ona lakini si kwa siri, "Ini likishaliwa na chupa hurudi kweli?"

Dattoba akasimama. "Chupa gani?"

Kijana akajifunika uso kwa taulo.

"Nimeuliza chupa gani, mwanangu."

"Baba, usikasirike... Vastad alituambia tusilitaje, ni aibu ya nyumba. Kwamba Sangram alikuwa anakunywa pombe kwa kujificha. Hata sokoni wanajua."

Na ni kweli, sokoni mlikuwa mnajua. Mliinunua habari hiyo bila kuipima, na mkaisambaza bure. Dattoba alielewa sasa kwa nini mwenye duka la mbegu hakumuuliza hali ya mgonjwa.

Kando ya ukuta, mbali na makopo, kijana mmoja alikuwa amechuchumaa akitwanga lozi kwenye kinu cha mawe, kinu kile kile cha zamani. Maziwa yake yalikuwa meupe.

"Na huyu?" Dattoba akauliza. "Mbona hanywi unga?"

"Tejas?" Balu akacheka. "Huyo mpwa wa vastad, baba. Ana tumbo la bibi harusi. Mjomba wake anasema unga unamharisha."

Wote walicheka isipokuwa Tejas. Aliendelea kutwanga, macho chini, masikio yamemwiva.

Hapo Dattoba hakuhitaji tena kuambiwa kwamba Bhairu alijua kilichomo. Watu husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Alikuwa amelisikia neno hilo maisha yake yote, na siku zote alidhani linawahusu watu wengine.

Akachukua kikombe cha Balu, kimejaa maziwa ya kakao, akasimama nacho katikati ya mkeka, na viatu vyake vya shamba, kosa ambalo kwenye talim mtu hulifanya mara moja tu.

"Bhairu!"

Bhairu akatoka chumbani kwake. Alipoona viatu alikunja uso, alipoona kikombe akaukunjua. "Datta, ndugu yangu. Njoo huku tukae."

"Zamani vastad alionja kwanza. Unakumbuka? Mzee wetu hakuwahi kutupa kitu ambacho hakijapita kooni mwake. Kunywa."

"Mimi?" Bhairu akacheka, akajipiga tumbo. "Nikivimba uzee huu nani atanishonea kanzu?"

Vijana wakacheka kidogo, kwa adabu.

"Kunywa."

"Nina sukari, Datta. Daktari kanikataza vitamu."

"Sawa." Dattoba akageuka. "Tejas, mwanangu, njoo. Kunywa kwa niaba ya mjomba wako. Tumbo likikusumbua nitakuosha mwenyewe."

Tejas akasimama. Ni kijana mwema. Alinyoosha mikono miwili kama walivyofundishwa wote. Na kabla vidole vyake havijakigusa kikombe, mkono wa Bhairu ulichomoka, ukakipiga, kikaruka, maziwa yakatapakaa mkekani juu ya picha ya simba.

Balu aliyatazama maziwa, kisha tumbo lake mwenyewe. Aliyekuwa juu ya kamba akashuka taratibu.

Bhairu alimkamata Dattoba mkono akamburuta mpaka nyuma, kwenye shimo la zamani, wakasimama juu ya mabati.

"Unataka kuniua?"

"Mwanangu ndiye anayekufa. Nini kimo humo?"

"Ni vya kujaza misuli. Wanasaga wenyewe huko huko, mimi sisagi kitu. Hata kiasi sikijui, nakuapia."

"Na kabla ya mizani?"

Bhairu akatazama pembeni. "Vya kukojoza. Vidonge vyeupe. Wote wanafanya hivyo, Datta! Wa Haryana wanameza, wa Punjab wanameza, sisi twende na lozi zetu tukafanywe ngoma? Bila mkeka wao talim hii ingekuwa ghala la mbolea. Unajua nimewatoa vijana wangapi barabarani?"

"Vinaitwaje?"

"Ukisema vimetoka kwangu..."

"Vinaitwaje, Bhairu?"

Dattoba akampigia daktari simu, akamnyooshea Bhairu. Bhairu akarudi nyuma kama aliyenyooshewa nyoka. Sauti inaweza kurekodiwa, akasema. Basi mkulima yule akasimama pale juu ya mabati, rafiki yake akimnong'onezea majina ya vidonge, yeye akiyarudia kwenye simu silabi kwa silabi, akiyavunja, akiyaanza upya, huku daktari upande wa pili akisema, "Rudia, baba. Polepole. Rudia."

Alipokata simu alimgeukia Bhairu.

"Uliketi kitandani kwake. Ulimwona anakunywa."

"Ningesemaje mbele ya shemeji?"

"Acha."

"Nini?"

"Ungesema acha. Neno moja tu, Bhairu. Ulimwona anakunywa ukanyamaza, na mpwa wako ukamnyang'anya kikombe kabla hakijafika mkononi. Ulizijua njia zote mbili."

Bhairu akashuka kwenye mabati, akarudi ndani kwa vijana wake.

Sangram yu hai. Kopo lilipotolewa chini ya kitanda na daktari alipojua anachopambana nacho, figo zilianza kukubali, na manjano yakamtoka machoni taratibu. Akkatai hajaweza kukoroga maziwa tangu siku ile. Chai yenyewe huchemshiwa na jirani. Kijana amepungua mpaka mashati ya shule yanamtosha. Hatapanda mkekani tena, daktari amesema bila kumung'unya. Na siku alipopata nguvu ya kukaa, neno lake la kwanza kwa baba yake lilikuwa hili: "Kwa nini ulimwaibisha vastad mbele ya watu?" Amehamia kwa shangazi yake. Huko ana picha ya Bhairu ukutani.

Na wewe? Wewe ulikwenda kwenye maonyesho ya mwaka huu. Wazee walimfunga Bhairu kilemba kwa kuitumikia mieleka, ukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Balu aliacha kunywa, akaitwa mwoga, akaacha na talim. Tejas bado anatwanga lozi zake. Waliobaki walikaa wiki mbili hivi wakiogopa, kisha mapambano yakakaribia, na ukuta ukajaa makopo mapya. Dattoba amepeleka malalamiko kituoni, wakamwambia alete ushahidi, na maabara haijajibu mpaka leo. Amekwenda ofisi ya vyakula, wakamwambia mkaguzi yuko safarini. Ameongea nawe, ukamwambia pole.

Sasa hivi unaponisikiliza, yuko mlangoni mwa talim. Anasimama hapo kila siku vijana wanapoingia, na kila mmoja anamuuliza swali lile lile: "Anayekupa ameonja?" Wengine wanamsukuma. Wengine wanamtemea mate. Jana mmoja alimwita mzee wa mlevi, na huyo ana miaka kumi na sita, na mgongo wake umeanza kuota chunusi, na ni mtoto wa mtaa wako. Unamjua, ulimnunulia peremende.

Mzee yuko peke yake, na mlango ule ni mpana kwa mtu mmoja. Ondoka hapo ulipokaa. Usiseme kesho, usiseme mpaka maabara ijibu. Vaa viatu, mpigie jirani, nendeni mkasimame naye, mlijaze lango lile, na kijana asipite hata mmoja mpaka vastad atoke nje na kikombe mkononi, anywe mbele yenu. Simama. Sasa.